Sifuri Mbili Nyuma ya Nukta

Ijumaa, 16 Agosti

Naandika mimi Rugaibula wa Ijumbi, kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu. Darasa la tatu niliondoka kwa hiari yangu, mwalimu hakunifukuza, na herufi nilizoondoka nazo zimenitosha mpaka leo. Mwaka huu mimi ni mwenyekiti wa ujenzi wa usharika wetu. Mambo ya mwenyekiti yanafaa kuandikwa.

Kanisa letu linavuja. Mabati yamekuwa mekundu kama udongo wa njiani. Tumepatana kwamba siku ya mavuno watu watoe ahadi, paa la zamani lishuke, jipya lipande kabla ya mvua za vuli. Na safari hii ahadi hazitatangazwa kwa mdomo tu. Mjukuu wangu Nancy, mtoto wa marehemu mwanangu wa pili, anakaa Bukoba na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Anatutengenezea moja bure. Mtu akitoa ahadi, jina lake na kiasi chake vinatokea vikubwa kwenye shuka nyeupe mbele ya kanisa zima. Wazo ni langu. Nancy anasema ni lake, lakini mimi ndiye niliyelipeleka kwa wazee, kwa hiyo ni langu.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumeanika kahawa. Yangu inakauka vizuri kuliko ya majirani wote.

Jumanne, 20 Agosti

Nancy amekuja na kompyuta yake kunionyesha. Nikaona jina la kujaribia, na mbele yake Sh 50,000. Nikauliza senti ziko wapi.

Akanieleza kwa heshima, huyu mtoto ana heshima. Akasema ndani ya kompyuta namba inakaa uchi. Elfu hamsini ni elfu hamsini basi. Huku nje ndiko anaivalisha, koma, nukta, neno shilingi. Kompyuta inauliza pesa ni ya nchi gani na senti zionekane tarakimu ngapi. Yeye kwa shilingi yetu huiambia zisionekane, maana hakuna mtu aliyenunua kitu kwa senti tangu yeye azaliwe.

Nikamwambia mimi nimenunua sana kwa senti hamsini yenye sungura, baba yake akiwa hajui kutembea. Pesa bila senti ni mtu bila viatu. Na hiyo koma siitaki. Inakata pesa, na mimi sijawahi kutoa pesa vipande vipande.

Akasema, "Babu, ukiondoa koma halafu ukaweka senti, jicho la mtu litapotea humo ndani."

Nikamwambia jicho linalopotea likanunue miwani. Za wengine aziache zilivyo, ila yangu aivalishe suti. Alibisha, nikabisha, na kwa kubisha hapa Ijumbi sijapata wa kunishinda. Mwisho akaandika mstari wa peke yake, kwamba likija jina Rugaibula koma zitoke na nyuma ya nukta zikae sifuri mbili. Akacheka. "Programu nzima, Babu, wewe tu ndiye una mstari wako."

Nilifurahi sana. Nikamwita mke wangu Joviana aje auone. Aliutazama, hakuona cha kuona, akauliza natoa kiasi gani. Nikasema elfu hamsini, mwaka huu mnajua wenyewe kahawa ilivyo.

Joviana akasema, "Elfu hamsini haihitaji suti."

Jumapili, 25 Agosti

Mavuno. Naandika yote.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Ndizi, maharage, kuku, mihogo, mbuzi mmoja wa Kahangwa ambaye kila mwaka anamleta na kila mwaka anamnunua mwenyewe kwenye mnada. Kahangwa ndiye katibu wetu. Alipewa kazi ya kusoma kwa sauti yale yanayotokea kwenye shuka. Shuka zilikuwa mbili, Joviana alizishona pamoja katikati.

Mtu alikuwa anakwenda kwenye meza ya Nancy, anamnong'oneza kiasi, Nancy anagonga, kinatokea. Elfu ishirini. Elfu tano. Laki moja ya mwalimu mkuu, akapigiwa makofi. Mimi nilisubiri mpaka mwisho, maana mwenyekiti hatangulii kula wala kutoa.

Nikaenda. Nikanong'ona. Jua lilikuwa limeingia madirishani na shuka imekuwa nyeupe sana. Likatokea jina langu, na mbele yake namba ndefu kuliko zote. Ile nukta ilianguka palepale kwenye mshono wa shuka. Haikuonekana. Zilionekana sifuri zimepangana bila kituo.

Niliona midomo ya Kahangwa ikihesabu kutoka nyuma, kama tulivyofundishwa. Akahesabu tena. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayesoma msiba, "Milioni tano."

Sijawahi kusikia vigelegele vile. Wanawake walitandika kanga zao sakafuni nikapita juu. Mchungaji alishuka akanishika mikono yote miwili, macho yake yana maji. Mzee mmoja ambaye hatujasalimiana tangu kesi ya mpaka wa kibanja alikuja akanikumbatia.

Nancy alisimama pale mezani, mkono umeinuka nusu. Nikamtazama. Akakaa.

Mimi sikusema milioni tano. Kahangwa ndiye aliyesema. Naandika hili lieleweke.

Jumatatu, 26 Agosti

Nancy alinifuata kwenye migomba kabla ya kuondoka. Alitaka ampigie Mchungaji simu, aeleze kwamba ni jinsi namba ilivyoonyeshwa tu. Nikamwambia mambo ya wazee yana njia yake, yeye arudi kazini. Akasema, "Basi Babu useme wewe, lakini useme leo."

Nikasema nitasema.

Kijana wa bodaboda amekataa nauli yangu. Kasinge waitu, asante mzee wetu, njia nzima. Hata watoto.

Alhamisi, 29 Agosti

Kikao cha ujenzi, mimi nikiwa mwenyekiti. Nilikwenda na neno langu mdomoni. Tukasali. Kabla sijafungua mdomo Kahangwa akasema tungoje nini, mwenyekiti mwenyewe ameshaezeka nusu ya kanisa. Watu wakacheka kwa furaha. Na mimi nikacheka.

Ikapita kwamba paa lishuke wiki ijayo na mabati ya zamani yauzwe. Hakuna aliyeniuliza pesa italetwa lini. Ahadi iliyosemwa mbele ya madhabahu haiulizwi, na mzee hadaiwi kama mtu wa dukani. Ndivyo tulivyolelewa. Wangeniuliza ingekuwa nafuu.

Jumatano, 4 Septemba

Mafundi wameshusha paa. Zimebaki kenchi tu, kama mbavu za ng'ombe aliyeliwa. Mabati yameuzwa yote kwa mabanda na majiko ya watu. Nilisimama pale nikitoa amri, huyu ashike hapa, yule pale. Jioni sikula, nikamwambia Joviana ni uchovu.

Jumatano, 11 Septemba

Wingu upande wa ziwa.

Alhamisi, 12 Septemba

Limeondoka. Nimepalilia.

Jumanne, 17 Septemba

Wingu tena. Mwenye duka la mabati Muleba amesema mwenyekiti akipita tu, yeye anapakia lori. Sasa nikienda Muleba nazunguka kwa nyuma, njia ya machinjioni.

Hata ile elfu hamsini yangu sijaipeleka. Nikipeleka elfu hamsini watauliza nyingine.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo nimekwenda kwa Najibu anayenunua kahawa. Nilitaka kumuuzia butura, kahawa ya mwakani ikiwa bado maua mtini. Mimi huyu. Mimi niliyesimama mbele ya mkutano wa kijiji nikasema mwenye kuuza maua ni mjinga anayekula mtoto tumboni.

Najibu alinikaribisha vizuri, akaniletea chai na kiti. Nilipomweleza shida yangu aliweka kikombe chini. Akasema, "Mzee wangu, wewe? Mtu wa milioni tano anauza maua?" Hakusema kwa kunitukana. Aliuliza kweli, akafikiri namjaribu, kwamba nimetumwa na serikali kumtega. Akaapa mbele yangu kwamba hanunui butura na hajawahi. Nikamwambia vizuri sana, nilikuwa napima uaminifu wako.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Bodaboda wote wanataka kunibeba bure.

Jumapili, 29 Septemba

Ibada bila paa. Jua. Wameimba.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua imeshuka katikati ya ubatizo. Mchungaji amemshika mtoto, maji yake bado yako kwenye bakuli, na mbingu ikamtangulia. Baadhi ya watu walicheka. Kisha ikawa mvua ya kweli, wamama wanakimbia na vitoto, vinanda vimefunikwa kwa kanga, Biblia kubwa imeloa mpaka Waebrania. Bibi mmoja aliteleza akaumia nyonga. Alipokuwa anainuliwa alinitazama na kusema si neno, Ta Rugaibula, mvua ni ya Mungu.

Nimelala na nguo za ibada.

Jumatano, 9 Oktoba

Mchungaji na Kahangwa wamekuja nyumbani. Joviana aliwapa kahawa za kutafuna, wakatafuna muda mrefu. Waliuliza migomba, waliuliza mgongo wangu. Halafu Mchungaji akasema kwa upole kabisa kwamba hawakuja kudai, wamekuja kujua kama kuna kitu kinanizuia ambacho wanaweza kusaidia.

Mlango ulikuwa wazi hapo. Ningepita tu.

Nikasema, "Mimi sikuahidi milioni tano. Ule mtambo wa mtoto ndio umekosea."

Kahangwa akaacha kutafuna. Akasema kumbe. Akasema ndiyo maana yeye siku ile alihesabu mara mbili, alihisi kitu. Mchungaji akauliza kama nina hakika, nikasema kwa sauti kubwa kwamba hawa watoto wa siku hizi wanaleta vitu ambavyo hawajavijua, na mimi tangu mwanzo nilimwonya Nancy.

Nilisema hivyo. Mimi ndiye nilimwonya.

Joviana alikuwa mlangoni na sinia. Aliingia jikoni hakutoka tena.

Jumatatu, 14 Oktoba

Maneno yametembea kuliko mvua. Sasa kila mtu ambaye hajalipa ahadi yake anasema hata ya kwake ilikosewa. Aliyeahidi laki anasema ilikuwa elfu kumi. Mtambo wa Nancy, mtambo wa Nancy. Usharika mwingine wa jirani ulikuwa umempa kazi ya malipo, programu kama hiyohiyo, wamemwambia asubiri kwanza. Haya nimeyasikia kwa watu. Yeye hajapiga simu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wamemwita Nancy mbele ya kikao. Kimefanyika kwenye darasa la shule, maana ofisi inavuja. Tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu, na mimi kwa kuwa ni mwenyekiti nilikaa kwenye kiti cha mwalimu.

Alikuja na basi la asubuhi kutoka Bukoba. Alipiga goti akatusalimu wote, mimi akanisalimu wa kwanza. Kompyuta ilikuwa kwenye begi. Aliiweka mezani, hakuifungua.

Nilijua kilichomo. Alishanieleza, namba ndani inakaa uchi. Angeifungua tu, wangeiona elfu hamsini imekaa vilevile kama nilivyonong'ona, na pembeni yake ule mstari wangu, mstari wa mtu mmoja. Hata Kahangwa angeelewa. Nilikuwa natazama zipu ya lile begi kama mtu anayetazama nyoka.

Mchungaji akamuuliza kama ni kweli programu yake ilionyesha kiasi ambacho babu yake hakukisema.

Nancy alinitazama. Hakukunja uso, hakunisihi. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuvaa viatu ili waondoke. Aliningoja. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira kwenye matope. Nilishika ukingo wa meza nikatazama ubao, umeandikwa majira ya mvua na kiangazi.

Akasema, "Ndiyo, wazee wangu. Kosa ni langu. Niliionyesha vibaya."

Kahangwa alimwambia maneno ya mzazi, kwamba elimu bila uangalifu ni hatari, kwamba kwa ajili ya uzembe wake kanisa la Mungu limevuliwa kofia. Nancy alisema asante kwa kila neno. Mwingine akataka alipe gharama, Mchungaji akakataa. Mimi nikafunga kikao kwa sala. Mdomo wangu ulisali.

Joviana alikuwa amemwekea ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki. Hakupita nyumbani. Amerudi na gari la mchana.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimesema mgongo unauma. Sikwenda.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. Joviana hanisemeshi. Chakula anakileta, maji ya kuoga anayaweka, nikiuliza kitu anamjibu kuku. Leo nimechoka, nikamwambia aseme analotaka kusema, mimi ni mwanaume siogopi maneno.

Akakaa. Akasema siku ya mavuno alikuwa karibu na meza ya Nancy. Alimwona mtoto anasimama na alimwona nani aliyemkalisha. Akasema amekaa na majigambo yangu miaka yote, yalikuwa kama jogoo wa nyumba, anapiga kelele lakini ni wako. "Sasa Mzee, jogoo amedonoa jicho la mtoto."

Nilikuwa na majibu mengi, yote yalikuwa ya uongo, nikayaona yote pamoja.

Siku ile nilisema Kahangwa ndiye aliyesema milioni tano. Ni kweli alisema. Nami nilisikia, nikahesabu sifuri, nikajua, na nikapita juu ya kanga za watu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimepasi kanzu. Nimeivua. Nimevaa suruali ya shamba, nimevua. Kesho nitavaa nguo yoyote.

Jumapili, 27 Oktoba

Ibada ilikuwa chini ya turubai la kukodi, limefungwa kwenye kenchi, limejaa maji katikati kama tumbo. Wakati wa matangazo nikainua mkono. Mchungaji alifikiri ni tangazo la ujenzi, akanikaribisha mbele.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, nina kipaji cha kusema, kila mtu anajua. Yaliondoka yote. Nikasema, "Nancy hakukosea. Mimi niliahidi elfu hamsini, na mimi ndiye nilimlazimisha aiandike vile ionekane kubwa. Mliposoma milioni tano nilijua si kweli. Nilinyamaza kwa sababu vigelegele vilikuwa vitamu. Mtoto alipotaka kusema, nilimkalisha kwa jicho. Na kwenye kikao alijitwika kosa langu mbele yangu, nikafunga kwa sala."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka pembe ya turubai. Yule bibi wa nyonga, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na hiyo elfu hamsini yenyewe, umeileta?"

Watu wakacheka. Walicheka sana, na baadhi walicheka mpaka wakalia, na haukuwa wema ule. Nikatoa pesa mfukoni nikaweka kwenye sahani. Noti moja ikaanguka kwenye matope, nikainama kuiokota mbele ya kanisa zima, mgongo ukakataa kunyooka. Kahangwa ndiye alikuja kuninyanyua. Hakuniangalia usoni. Yeye naye alikuwa na lake, alimsema mtoto bure mbele ya wazee.

Uenyekiti nimeurudisha. Mchungaji hakusema hapana. Alisema tu, "Kaa, mzee wetu," nikakaa nyuma, karibu na mbuzi wa mnada wa siku hiyo. Akatangaza kwamba jina la Nancy ni safi, na kwamba barua itakwenda kwa usharika ule mwingine kueleza. Halafu akaendelea na matangazo ya kwaya.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo nimesalimiwa na wawili. Nauli ya bodaboda nimelipa, na kijana amenihesabia chenji mbele ya wenzake, polepole.

Jumanne, 5 Novemba

Wamenunua mabati ya upande mmoja, wa madhabahu. Upande wa waumini utangoja mwakani. Nimekwenda kubeba pamoja na vijana, wameniachia nibebe misumari.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempigia simu Nancy. Nimekaa siku nyingi nikijiambia yeye ndiye mdogo, yeye ndiye apige. Leo nimepiga.

Aliitikia vizuri, akauliza mgongo, akauliza kahawa. Nikamwambia nimesema kanisani. Akasema anajua, Bibi alimpigia siku ileile. Nikamwuliza kama ile kazi ya usharika wa jirani wamemrudishia. Akasema barua ilifika lakini walikuwa wameshampa mtu mwingine. Akasema si neno, Babu.

Nikamwomba msamaha. Neno hilo kwa Kiswahili lilinishinda, nikalisema kwa Kihaya, nalo likanishinda katikati. Nilisikia magari ya mjini kwake. Nikamwambia aje Krismasi, Joviana atachinja. Akasema, "Nitakuja, Babu, lakini siyo hii. Hii bado."

Nilitaka kumwambia mjukuu hachagui sikukuu. Sikumwambia.

Tukaagana, nikakata simu. Si kweli. Yeye ndiye alikata, nami nikabaki nimeishika sikioni mpaka Joviana akaja kuichukua.